Ruta Haioni Kebo ya Intaneti: Mwongozo wa Kutafuta Tatizo Lilipo

Ruta imewaka, Wi-Fi ipo, simu inaunganika bila shida, lakini taa ya intaneti imezima au imegeuka rangi ya chungwa. Ukifungua ukurasa wa ruta unakutana na ujumbe kama "WAN port is unplugged", yaani tundu la kuingizia intaneti (WAN) halina kebo, na kebo imechomekwa, unaiona kwa macho yako. Hapo wengi hutafuta kitu chenye ncha na kubonyeza kitufe cha reset. Usikiguse bado. Reset hufuta mipangilio yote, pamoja na jina na nywila ya PPPoE (njia ya ruta kujitambulisha kwa kampuni ya intaneti) ambavyo fundi aliingiza siku ya kufunga intaneti na pengine hukuviandika popote. Waya uliokatika hauungwi kwa reset. Ukiibonyeza mapema, tatizo moja linakuwa mawili, na la pili huwezi kulitatua usiku wa Jumamosi wakati ofisi ya kampuni imefungwa.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: kebo fupi ya mtandao ya mita 1 au 2 ambayo una hakika ni nzima, laptopu yenye tundu la kebo (au adapta ya USB ya kuongezea tundu hilo), na tochi ya simu. Ikifikia kubadilisha konekta, ongeza koleo la kubania konekta, konekta za RJ45 (vichwa vya plastiki vya kebo ya mtandao) nne au tano kwa sababu mbili za kwanza huharibika, na testa ya kebo ya kawaida.

Haioni kebo, au inaiona ila haina intaneti?

Haya ni matatizo mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakopoteza siku nzima.

Vifaa viwili vikiunganishwa kwa kebo ya ethaneti, kila upande hutuma mapigo madogo ya umeme kwenye nyaya. Vikisikilizana, vinakubaliana kasi, Mbps 10, 100 au 1000, na taa ya tundu inawaka. Hatua hii haihitaji nywila, anwani ya IP wala bili iliyolipwa. Hata faiba ikikatwa na wachimba barabara, kisanduku cha faiba kilicho ukutani kwako kitaendelea kusikilizana na ruta, maana vyote viwili vina umeme na kebo iliyo kati yao ni nzima.

Kwa hiyo taa ya tundu la WAN ikiwa imezima kabisa, mtuhumiwa ni umeme, kebo, konekta au tundu, na mara chache mpangilio wa kasi. Taa ikiwaka au kupepesa, kebo imeonekana, isipokuwa inawaka sekunde moja na kuzima kila mara, hali inayoelezwa kwenye sehemu ya nyaya nane. Shida iko kwenye PPPoE, anwani ya IP, bili au kwa kampuni yenyewe, na sehemu kubwa ya mwongozo huu haikuhusu. Kuna hali nyingine inayovunja kanuni hii: kampuni inayotumia swichi (kifaa cha kugawa mtandao kwa kebo nyingi) ya kusimamiwa kwa mbali inaweza kulifunga tundu la mteja anayedaiwa, na hapo taa huzima kana kwamba kebo imekatwa.

Angalia taa ndogo zilizo kwenye tundu lenyewe, nyuma ya ruta. Alama ya dunia iliyo mbele huchanganya watu. Kwenye ruta nyingi za TP-Link, kwa mfano, rangi ya chungwa maana yake ni kwamba kebo imeonekana lakini intaneti haijafika. Ikizima ndipo kebo haionekani. Ruta yako ikiwa haina taa kwenye matundu, ingia kwenye ukurasa wake kupitia 192.168.0.1 au 192.168.1.1 (MikroTik ni 192.168.88.1, anwani sahihi iko kwenye stika ya chini) na utafute hali ya WAN. Anwani ya 0.0.0.0 peke yake haithibitishi chochote. Unachotafuta ni maneno yanayosema wazi kwamba kebo haijachomekwa.

Kebo hiyo inatoka wapi?

Fuata kebo kwa mkono kutoka kwenye ruta hadi inakoishia. Mitego hutofautiana kulingana na aina ya huduma.

Kama ni faiba, kebo inaishia kwenye kisanduku kidogo kiitwacho ONT. Inatakiwa itoke tundu la LAN1 la ONT (LAN ni matundu ya kuunganisha vifaa vya ndani) iingie tundu la WAN la ruta. Mara nyingi kampuni huliwekea huduma tundu la LAN1 peke yake; ukihamishia LAN3, taa inaweza kuwaka na intaneti isije. Taa nyekundu ya LOS kwenye ONT ni tatizo la faiba, ni kazi ya kampuni, na haina uhusiano na taa ya WAN kuzima. Ule waya mwembamba wenye kichwa cha kijani uache ulivyo: vumbi kidogo tu kwenye ncha yake hupunguza mwanga, kuukunja sana huukata, na ncha iliyochomolewa haitazamwi kwa jicho.

Kama ni antena ya juu ya paa, kati ya antena na ruta kuna kiadapta cha PoE (kinachopeleka umeme kupitia kebo ya mtandao) chenye matundu mawili. Tundu lililoandikwa POE linakwenda kwenye antena, lililoandikwa LAN au DATA linakwenda kwenye ruta. Kebo hizi hubadilishana mahali siku ya usafi wa nyumba kuliko siku nyingine yoyote. Zikibadilishwa, antena inakosa umeme na ruta haioni kitu. Ubaya zaidi, viadapta vingi vya antena husukuma volti 24 bila kuuliza kifaa kilicho upande wa pili kama kinazihitaji, na volti hizo zikiingia kwenye tundu la WAN zinaweza kuliua. Hapa hakikisha kwanza, ndipo uchomeke.

Kama unaishi kwenye ghorofa ya kupanga, kebo yako huenda inapita dirishani au kwenye korido hadi kwenye swichi ya kampuni iliyofungwa ngazini au juu ya paa. Swichi hiyo hutumia umeme wa jengo, si wa kwako. Tokeni za korido zikiisha, nyumba yako ina stima, televisheni inacheza, lakini swichi imelala na kila ruta ya jengo hilo imepoteza kebo. Mwulize jirani kabla ya kufungua chochote. Swali moja mlangoni linaokoa jioni nzima.

Laini ya simu ya ADSL ina habari yake: konekta yake ni ndogo, RJ11, na inaingia tundu la DSL. RJ11 huingia kwa urahisi kwenye tundu la WAN, haifanyi kazi, na inaweza kukunja pini za pembeni.

Kabla ya kupima chochote

Hakikisha kebo iko kwenye WAN, tundu ambalo aghalabu lina rangi yake peke yake, la buluu kwa mfano. Baadhi ya ruta mpya, zikiwemo za Huawei kama AX3, hutambua zenyewe tundu lipi ni la intaneti, hivyo usishangae ukikosa alama ya WAN.

Chomoa kebo uichomeke tena hadi usikie mlio wa kishikizo kukamata. Kishikizo cha plastiki kikiwa kimevunjika, konekta huonekana imeingia lakini imerudi nyuma kama milimita moja, na hiyo inatosha kukosesha pini kugusana. Isukume kwa kidole uishikilie huku ukitazama taa. Ikiwaka unaposhikilia na kuzima unapoachia, umepata jibu: badilisha konekta. Gundi, utepe na kijiti cha kiberiti vinavyobanwa pale hutengeneza tatizo la wiki ijayo.

Kisha umeme. Soma maandishi ya adapta na uyalinganishe na ya chini ya ruta. Ruta ya volti 12 ikipewa adapta ya volti 9 inaweza kuwasha taa za mbele na hata kurusha Wi-Fi, ila matundu yanayumba. Kosa hili limeongezeka tangu watu waanze kununua UPS ndogo za ruta (betri za akiba za umeme ukikatika), ambazo zina matundu ya volti 9 na 12 yanayofanana kabisa. Kinyume chake ni hatari zaidi: volti 12 kwenye ruta ya volti 9 zinaweza kuiunguza. Betri ya UPS hiyo ikichoka nayo huleta dalili hizo hizo, kwa hiyo wakati wa kupima chomeka ruta moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani.

Mwisho, zima na uwashe kwa mpangilio. Chomoa umeme wa ruta na wa ONT au PoE, chomoa na kebo iliyo kati yao, subiri sekunde 30. Washa ONT au antena kwanza, ipe dakika 2 hadi 3, rudisha kebo, ndipo uwashe ruta. Umeme ukikatika na kurudi mara mbili tatu mfululizo, chipu inayosimamia matundu inaweza kuganda, na kuzima kwa sekunde mbili hakutoshi kumaliza chaji iliyobaki ndani.

Vipimo vitatu vinavyomaliza ubishi

Kama taa bado imezima, sasa pima. Lengo ni kujua upande upi una kosa: kebo, ruta, au kifaa kinacholeta intaneti.

*Kipimo cha kwanza: badilisha kebo.* Weka ile kebo fupi nzima kati ya ONT au PoE na ruta. Ikibidi, sogeza ruta karibu, hata uishike mkononi. Usipime kebo mpya kupitia soketi ya ukutani ya zamani wala kiungio cha kuunganisha kebo mbili. Taa ikiwaka, ruta yako ni nzima na tatizo ni kebo. Ruka hadi sehemu ya kebo.

*Kipimo cha pili: ruta ijipime yenyewe.* Chomoa kebo ya intaneti. Chukua kebo fupi, ncha moja ingiza WAN, nyingine ingiza LAN1 ya ruta hiyo hiyo. Tazama taa za matundu hayo kwa sekunde 10. Zikiwaka zote mbili, tundu la WAN liko hai. Zikizima, hamishia ncha ya pili LAN2 ujiridhishe. Kisha chomeka laptopu kwenye LAN. Laptopu ikionekana kwenye LAN lakini WAN haiwaki kwa lolote, WAN imekufa. Usiiache kebo hiyo ikiwa imeunganishwa: ruta itaanza kujigawia anwani yenyewe, na baadhi ya ruta zikigundua mgongano huo hubadilisha anwani yao ya ndani, mfano kutoka 192.168.0.1 hadi 192.168.1.1, halafu unabaki kujiuliza ukurasa umekwenda wapi.

*Kipimo cha tatu: laptopu kwenye kebo ya intaneti.* Kebo iliyokuwa kwenye WAN ichomeke kwenye laptopu. Kwenye Windows fungua PowerShell na uandike `Get-NetAdapter`. Kwenye mstari wa Ethernet, neno Up maana yake kebo imeonekana, Disconnected maana yake haijaonekana. Safu ya LinkSpeed inaonyesha kasi waliyokubaliana. Kwenye Linux amri ni `ip link`, na maneno NO-CARRIER ndiyo ishara ya kebo isiyoonekana. Hapa hujali kama kurasa zinafunguka. Unatafuta muunganiko wa waya tu.

Sasa soma majibu kwa pamoja. Ruta ikifaulu kipimo cha pili na laptopu nayo isione kebo, kosa liko kwenye kebo au upande wa ONT, PoE au swichi. Chomeka laptopu moja kwa moja kwenye kifaa hicho kwa kebo fupi ili kujua lipi kati ya hayo. Laptopu ikiona kebo na ruta ikashindwa kipimo cha pili, WAN ya ruta ndiyo mgonjwa. Inayowachanganya hata mafundi ni hali ya tatu: ruta imefaulu, laptopu inaona kebo, na bado vikikutana havionani. Itazame LinkSpeed. Ikiwa ni 100 Mbps wakati vifaa vyote ni vya gigabiti (Mbps 1000), jibu liko kwenye sehemu inayofuata.

Nyaya nane, na kwa nini kifaa kimoja kinaona kebo kingine hakioni

Kebo ya mtandao ina nyaya nane zilizosokotwa katika jozi nne. Kasi ya Mbps 100 hutumia jozi mbili tu, zilizo kwenye pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti hutumia zote nne.

Chukua kebo ambayo waya wa buluu umekatika ndani. Televisheni, ambayo mara nyingi tundu lake ni la Mbps 100, itaiona bila shida kwa sababu haiutumii waya huo. Ruta ya gigabiti na ONT ya gigabiti zitafanya mazungumzo ya mwanzo kupitia pini 1, 2, 3 na 6, zikubaliane kasi ya 1000, zijaribu kuwasha jozi zote nne, zishindwe, zianze upya. Taa inawaka sekunde moja inazima, inawaka inazima. Baadhi ya vifaa vina akili ya kushuka hadi 100 baada ya kushindwa, vingine havina. Ndiyo maana mtu hununua ruta mpya ya kasi zaidi, ile ya zamani ilikuwa inafanya kazi, na mpya "haioni kebo". Ruta mpya haina kosa. Imefichua kebo iliyokuwa mbovu siku zote.

Dawa ya muda iko kwenye mipangilio: tafuta kasi ya tundu la WAN uiweke 100 full duplex (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja) badala ya auto. Kwenye TP-Link nyingi iko ndani ya Advanced, kisha Network, kisha Internet. Tenda huiita WAN Speed. Taa ikiwaka na kutulia, umethibitisha kwamba jozi ya buluu au ya kahawia ina kasoro. Hata hivyo usiiache hivyo milele. Upande mmoja ukilazimishwa na wa pili ukabaki auto, wa pili unaweza kudhani ni half duplex (kutuma na kupokea kwa zamu), na matokeo ni intaneti ya kusuasua inayopoteza data. Rekebisha kebo, rudisha auto.

Kebo hukatikia wapi? Anza na sentimita 10 za mwisho karibu na konekta, ambako hukunjwa kila mara. Kisha bawaba za mlango na dirisha, kona kali ya ukuta, misumari ya klipu iliyogongwa kwa hasira, miguu ya kabati, na darini ambako panya hupenda ganda la plastiki. Kebo ya ndani iliyopitishwa nje huliwa na jua: ganda linakauka, linapasuka, maji yanaingia na kuteremka ndani ya kebo hadi kwenye konekta. Kabla kebo haijaingia nyumbani iache ining'inie kidogo chini ya tundu la ukuta, ili maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kufuata kebo ndani.

Na kuna kebo zinazouzwa kwa bei nzuri zenye maandishi CCA ubavuni. Hizo ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua waya kwa kisu: ukiona weupe wa fedha chini ya wekundu, ndiyo hiyo. Hukatika ukiikunja mara chache, hupoteza nguvu kwenye umbali, na haifai kabisa kupeleka umeme wa PoE hadi kwenye antena. Kwa masafa marefu nunua shaba tupu, na usizidishe mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa.

Kufunga konekta upya

Katika kebo iliyofeli, hii ndiyo kazi ya kwanza kujaribu, kabla ya kuvuta kebo mpya. Fanya ncha zote mbili, hata kama moja inaonekana safi.

1. Kata kebo sentimita 5 hivi nyuma ya konekta ya zamani, zaidi ikiwa nyaya za ndani zina weusi au ukungu wa kijani. Endelea kukata hadi uone shaba inayong'aa.

2. Vua ganda la nje sentimita 3. Zungusha kisu kwa wepesi. Ukikwaruza ganda la waya wa ndani, kata uanze upya.

3. Fumua jozi, nyoosha nyaya kwa vidole, zipange kwa utaratibu wa T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

4. Zibane pamoja na ukate ncha zote kwa mkupuo mmoja zibaki milimita 12 au 13. Zikiwa ndefu zaidi ya hapo, sehemu isiyosokotwa inakuwa kubwa na ganda la nje halitafika ndani ya konekta.

5. Shika konekta kishikizo kikiwa chini na tundu la kuingizia nyaya likikutazama. Nyeupe-chungwa iwe kushoto. Sukuma hadi uone ncha nane za shaba zimegusa ukuta wa mbele, na ganda la nje limeingia chini ya kile kibano cha plastiki.

6. Bana kwa koleo, mara moja kwa nguvu zote. Kisha vuta kebo: isitoke.

Kosa la kawaida ni lile la kuziacha kijani na nyeupe-kijani zikae pamoja kwa sababu ni jozi. Kwenye T568B nyeupe-kijani ni ya tatu na kijani ni ya sita, buluu zikiwa katikati. Anayezipanga jozi kwa jozi pande zote mbili atapata testa inayohesabu 1 hadi 8 vizuri kabisa, maana kila pini imefika kwenye pini mwenzake. Lakini pini 3 na 6 sasa zinatumia nyaya zisizosokotwa pamoja. Kebo ya mita 2 itafanya kazi, ya mita 30 itagoma au kukatika-katika, na testa ya bei nafuu haitakuambia neno. Kwa hiyo testa ikipita na ruta bado haioni kebo, rudi kutazama rangi kwa macho.

Kebo nene ya Cat6 inahitaji konekta za Cat6. Nyaya zake hazikai sawasawa kwenye konekta za Cat5e.

Tundu lenyewe

Mulika ndani ya WAN kwa tochi, ruta ikiwa imezimwa. Unatakiwa kuona pini nane za rangi ya dhahabu zimelala kwa mwinuko mmoja, kama meno ya kitana. Pini iliyozama chini kuliko wenzake, au iliyopanda juu ya jirani yake, haigusi konekta. Inaweza kuinuliwa taratibu kwa sindano nyembamba ya kushonea. Ikikatika hakuna la kufanya kwenye tundu hilo bila fundi mwenye chuma cha kulehemu.

Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam adui ni hewa ya chumvi. Pini hupata kutu ya kijani au weupe wa unga, hasa ruta ikikaa karibu na dirisha. Lowesha brashi laini kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, sugua pini za tundu na za konekta, acha zikauke dakika 10 kabla ya kuwasha. Mate, maji na mafuta ya taa havimo kwenye orodha.

Maeneo ya radi nyingi, kama yanayozunguka Ziwa Victoria na nyanda za Kisii, hadithi ni nyingine. Kebo ya shaba iliyotoka paani au nyumba jirani hubeba msukumo wa umeme hata radi isipopiga jengo lako, na wa kwanza kuupokea ni tundu la WAN. Dalili yake ni hiyo hiyo: Wi-Fi ipo, LAN zote zinafanya kazi, WAN imekufa baada ya usiku wa mvua. Kizuia msukumo cha soketi ya ukutani hakisaidii, kwa sababu msukumo umeingia kupitia kebo ya mtandao. Anga likianza kunguruma, chomoa kebo hiyo pia.

Mipangilio inayoweza kuficha kebo

Hii ndiyo sehemu ndogo, na imewekwa huku chini kwa makusudi. Ruta ikiwa kwenye hali ya Access Point (ya kurusha Wi-Fi tu), tundu la WAN hugeuka kuwa kama LAN na ukurasa wa intaneti hupotea au husema haijaunganishwa, ingawa taa ya tundu inawaka. Irudishe kwenye Router mode. Baadhi ya ruta zina swichi ndogo ubavuni kwa kazi hii, na mtoto anaweza kuisogeza. Ukurasa wa IPTV (televisheni ya intaneti) au VLAN (mgawanyo wa mtandao) nao unaweza kuhamisha kazi za matundu. Kama ruta ina kipengele cha kuokoa umeme kiitwacho Green Ethernet au EEE, kizime ujaribu. Vifaa vingine vya zamani havielewani nacho na kebo hupotea na kurudi.

Baada ya hapo sasisha programu ya ruta. Reset ni ya mwisho, na kabla yake piga picha za kurasa za WAN: aina ya muunganiko, jina la PPPoE, namba ya VLAN kama ipo. Nywila hufichwa kwa vitone, kwa hiyo iombe kwa kampuni kwanza. Shikilia kitufe sekunde 10 ruta ikiwa imewaka.

WAN imekufa, ruta bado inafaa

Ikiwa ONT yako yenyewe inagawa anwani, ile ambayo ukichomeka laptopu unapata intaneti moja kwa moja, ruta haihitaji WAN. Ingia kwenye ukurasa wake, badilisha anwani ya LAN iwe ya mtandao wa ONT lakini isiyotumika, mfano ONT ni 192.168.1.1 basi ruta iwe 192.168.1.2. Zima DHCP ya ruta (kazi ya kugawa anwani kwa vifaa). Hifadhi, kisha toa kebo ONT uichomeke kwenye LAN1 ya ruta. Wi-Fi itaendelea kwa jina lile lile na anwani zitatoka ONT. Ukisahau kuzima DHCP, simu nyingine zitapata intaneti na nyingine hazitapata, kwa bahati nasibu.

Huduma ikiwa ni ya PPPoE inayopigwa na ruta, mbinu hiyo haifanyi kazi. Ruta nyingi za Asus zinakuruhusu kuchagua tundu la LAN litumike kama WAN kupitia ukurasa wa Dual WAN. Kwenye MikroTik tundu lolote linaweza kuwa la intaneti: toa ether2 (tundu la pili) kwenye bridge (kundi la matundu ya LAN), hamishia PPPoE client au DHCP client kutoka ether1 hadi ether2, na uiongeze ether2 kwenye orodha ya WAN ili ulinzi wa firewall uendelee kufanya kazi. Ruta nyingine za nyumbani, nunua mpya. Kubadilisha chipu ya tundu hakulipi.

Na kama vipimo vimeonyesha kosa liko kwenye ONT, PoE au swichi, usiwaambie kampuni "intaneti haifanyi kazi", kwa sababu jibu litakuwa zima na uwashe. Waambie hivi: tundu la LAN1 la ONT haliwashi taa kwa kebo mbili tofauti wala kwa laptopu, ruta imepimwa WAN kwa LAN na ni nzima, taa ya PON (ya faiba) imetulia na LOS imezima. Uliza kama tundu limefungwa upande wao, na kama sivyo, waombe fundi aje na ONT ya kubadilisha ili asije mara mbili.